Mbege, Dona na Bakteria wa Tumboni

Wiki mbili tu zilitosha. Katika mkoa wa Kilimanjaro, vijana wa kiume 77 wenye afya njema waligawanywa katika makundi. Wa vijijini, waliokulia kwenye ndizi, maharage, mboga za majani na ulezi, walipewa chakula cha mtindo wa kimagharibi: vitu vya kukaanga na vya kusindikwa, vyenye mafuta mengi na mboga kiduchu. Wa mjini, ambao walikwisha kuyazoea hayo, wakarudishwa kwenye chungu cha bibi. Kundi la tatu likanywa mbege, pombe ya asili iliyochachushwa, kila siku kwa wiki moja. Watu kumi wakaachwa waendelee kula kama kawaida yao, ili wenzao walinganishwe nao.

Majibu yalitoka kwenye damu. Waliohamia kwenye chakula cha kimagharibi walipandisha viashiria vya mchochota, yaani ile hali ya mfumo wa kinga kukaa vitani hata pasipo adui. Chembe zao za kinga zilipokutanishwa na vijidudu vya maradhi maabarani, zilijibu kwa unyonge kuliko mwanzo. Uzito nao ukaongezeka. Waliorudi kwenye chakula cha asili, na wale wa mbege, walielekea upande mwingine: mchochota ulishuka. Wiki nne baada ya jaribio kwisha, baadhi ya mabadiliko hayo yalikuwa bado yanaonekana. Kazi hiyo ya wataalamu wa kituo cha tiba cha KCMC cha Moshi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi ilichapishwa Aprili 2025 katika jarida la Nature Medicine.

Chakula kinawezaje kufika mpaka kwenye ulinzi wa mwili, tena kwa siku chache namna hiyo? Njia ziko zaidi ya moja, lakini mojawapo iliyo kubwa inapita mahali ambapo watu wengi huona haya kupazungumzia: utumbo mpana, na viumbe wanaoishi humo.

Mtu akila ugali na maharage, sehemu kubwa ya wanga, protini na mafuta humeng'enywa na kufyonzwa katika utumbo mwembamba, ambao una urefu wa mita kama sita. Kinachobaki ni nyuzinyuzi: maganda ya nafaka, kuta za chembe za mboga, na aina za wanga na sukari ambazo mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Zamani ziliitwa makapi. Makapi hayo huteremka hadi utumbo mpana, wenye urefu wa mita moja na nusu hivi, na huko yanakuta walaji wengine. Kwa makadirio yaliyotolewa mwaka 2016 na watafiti wa Israeli na Kanada, mtu mzima mmoja hubeba bakteria wapatao trilioni 38, na karibu wote wako katika utumbo mpana. Chembe za mwili wake mwenyewe ni kama trilioni 30. Uzito wa bakteria wote hao haufiki robo kilo.

Wanachokifanya kwa makapi ni kuyachachusha. Humo tumboni hakuna hewa ya oksijeni, na bakteria huvunja nyuzinyuzi na kutoa gesi pamoja na asidi ndogondogo za mafuta, hasa asetati, propionati na butireti. Hii ya mwisho ndiyo ya kukumbuka. Chembe zinazojenga ukuta wa utumbo mpana hupata sehemu kubwa ya nishati yake kutoka kwenye butireti. Asidi hiyo huimarisha ukuta huo usivuje, hutuliza mchochota, na maabarani imeonekana ikizuia chembe za saratani zisiongezeke. Baadhi ya bakteria hutengeneza vitamini K na vitamini kadhaa za kundi B. Wote kwa pamoja hukalia nafasi na kula chakula ambacho kama kingeachwa, vijidudu vya kuharisha vingekipata.

Wakinyimwa nyuzinyuzi hawafi wote. Baadhi yao hugeukia chakula kilicho karibu zaidi, nacho ni ute unaofunika ukuta wa utumbo. Majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha hivyo waziwazi: panya walionyimwa nyuzinyuzi walipungukiwa na ute, na kijidudu cha kuharisha kilipoletwa kikawaumiza vibaya.

Afrika Mashariki imekuwa katikati ya habari hii tangu kabla bakteria hawajahesabiwa. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda kuanzia 1946 hadi katikati ya miaka ya 1960, kwa miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Dunia inamjua kwa saratani ya watoto inayoitwa kwa jina lake. Lakini kuna jambo jingine lililomkaa kichwani aliporudi Uingereza. Wagonjwa waliojaza wodi za Uingereza, wenye kidole tumbo, bawasiri, saratani ya utumbo mpana na vifuko vya utumbo vilivyovimba, hakuwa akiwaona kwa wingi huo Uganda. Akaanza kuandikia hospitali za misheni barani Afrika kuuliza wanaona nini, na majibu yakafanana na aliyoyaona mwenyewe.

Burkitt akafanya jambo ambalo madaktari wengi wa hadhi yake wasingelifanya: akapima choo. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha ulinganisho wa watu wa nchi mbalimbali. Wanakijiji wa Uganda walitoa wastani wa zaidi ya gramu 400 za kinyesi kwa siku, na chakula kilipita tumboni kwa kama siku moja na nusu. Wanamaji vijana wa Uingereza walitoa gramu 100 hivi, na chakula kilikaa zaidi ya siku tatu. Kwa Burkitt, siri ilikuwa nyuzinyuzi na mwendo wa haraka wa uchafu. Alikuwa sahihi kwa nusu ya jambo. Nusu nyingine, kwamba nyuzinyuzi zile zilikuwa zinalisha umma mzima wa viumbe wanaotoa dawa ya ukuta wa utumbo, ilisubiri vifaa ambavyo wakati wake havikuwapo.

Vifaa vilipopatikana, jaribio lililojibu swali la Burkitt kwa uwazi zaidi lilifanywa na timu ya Stephen O'Keefe wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2015. Wamarekani weusi 20 na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini walibadilishana vyakula kwa wiki mbili. Kabla ya hapo, saratani ya utumbo mpana iliwapata Wamarekani weusi kwa kiwango cha watu kama 65 katika kila 100,000 kwa mwaka, na Waafrika wa vijijini chini ya watano. Madaktari walipochungulia matumbo yao mwanzoni, Wamarekani tisa walikutwa na vinyama ambavyo huweza kugeuka saratani. Katika wanakijiji hakuwapo hata mmoja. Baada ya wiki mbili za uji wa mahindi, kunde na mboga, Wamarekani walizalisha butireti nyingi zaidi na mchochota wa utumbo wao ukapungua. Waafrika waliolishwa nyama na mafuta kwa mtindo wa Marekani wakaharibikiwa kwa vipimo hivyohivyo. Damu na nasaba havikubadilika. Sahani ndiyo iliyobadilika.

Watafiti wanaotaka kujua matumbo ya binadamu yalikuwaje kabla ya kilimo wamekuwa wakifunga safari kwenda Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, kwa Wahadzabe. Kabila lote ni watu elfu moja na ushee, na ni sehemu tu yao wanaoendelea kuishi kwa kuwinda, kurina asali, kuchuma ubuyu na matunda ya porini na kuchimba mizizi. Nyuzinyuzi wanazokula kwa siku zinakadiriwa kufika gramu 100 na zaidi. Mmarekani wa kawaida hula kama gramu 15.

Mwaka 2014 timu moja ililinganisha Wahadzabe 27 na Waitalia 16 wa Bologna, ikakuta kwa Wahadzabe bakteria wa aina nyingi zaidi, wakiwemo wanaojua kuvunja mizizi migumu. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzao walieleza jambo la kuvutia zaidi: bakteria wa Wahadzabe hufuata majira ya mwaka. Masika, asali na matunda yanapokuwa mengi, aina fulani hupungua hadi karibu kutoonekana. Kiangazi, nyama ikirudi, nazo hurudi. Miongoni mwa aina zinazopotea na kurejea ziko zile ambazo watu wa nchi zenye viwanda wamezipoteza moja kwa moja. Hesabu ya kina iliyotolewa mwaka 2023 ilikuta wastani wa spishi 730 katika tumbo la Mhadzabe, dhidi ya 277 kwa mkazi wa California.

Wahadzabe si makumbusho, na haki inadai lisemwe hilo. Sampuli za kinyesi chao zimesaidia kujenga elimu ambayo huenda ikazaa dawa za kuuzwa kwa fedha nyingi, ilhali misitu na vyanzo vya maji wanavyotegemea vinamegwa mwaka hadi mwaka na mashamba na mifugo. Kama matumbo yao yana thamani kwa dunia, basi ardhi inayoyalisha ina thamani hiyohiyo, na faida ikipatikana lazima nao wawemo.

Maisha ya bakteria tumboni huanza siku mtoto anapozaliwa. Anayepita njia ya kawaida hupokea wa kwanza kutoka kwa mama yake. Anayezaliwa kwa upasuaji huanza na mchanganyiko tofauti. Kisha yanakuja maziwa ya mama, na humo mna jambo la ajabu. Maziwa hayo yana sukari za aina ya pekee ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Zimewekwa kwa ajili ya bakteria wake, hasa kundi la Bifidobakteria, ambao hustawi kwazo na kufanya tumbo kuwa na uchachu usiopendwa na vijidudu vya kuharisha. Mama anaponyonyesha huwa analisha wengi.

Mambo yanaweza kwenda kombo. Nchini Malawi, timu ya Jeffrey Gordon wa Chuo Kikuu cha Washington cha St. Louis ilifuatilia jozi 317 za mapacha katika miaka yao mitatu ya kwanza. Swali lilikuwa chungu kwa mzazi yeyote: kwa nini watoto wawili wa tumbo moja, wanaokula sufuria moja, mmoja anapata kwashiakoo na mwenzake anasalimika? Bakteria wa mapacha hao walipandikizwa kwa panya waliolelewa bila kijidudu chochote, wakalishwa chakula cha Kimalawi. Katika baadhi ya jozi, panya waliopokea bakteria wa pacha mgonjwa walikonda sana, na wa pacha mzima hawakukonda hivyo. Utapiamlo, kumbe, hauelezwi na upungufu wa chakula peke yake. Kutokana na elimu hiyo, Gordon na Tahmeed Ahmed wa Dhaka, Bangladesh, walitengeneza chakula cha watoto chenye dengu, karanga, unga wa soya na ndizi mbichi, vitu vilivyochaguliwa kwa sababu vinawainua bakteria wanaohitajika kwa ukuaji. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha watoto waliokula chakula hicho wakiongezeka uzito kwa kasi kuliko waliopewa kile cha kawaida, ingawa hicho cha kawaida kilikuwa na nishati nyingi zaidi.

Pwani ya Kenya nako kuna funzo. Huko Kwale, watoto wachanga walipewa unga wa virutubisho wenye madini ya chuma ili kuzuia upungufu wa damu. Damu ilikihitaji, lakini chuma kisichofyonzwa kiliteremka utumboni kikawalisha vijidudu hatari, na Bifidobakteria wakapungua. Watafiti hawakusema chuma kiachwe. Waliongeza kwenye unga huo nyuzinyuzi inayolisha bakteria wema, na jaribio lililochapishwa mwaka 2017 likaonyesha madhara yakipungua.

Kisha kuna dawa. Antibayotiki zimeokoa mamilioni ya watu na zitaendelea kuwaokoa, lakini hazichagui. Mtu akinywa ciprofloxacin kwa ajili ya maambukizi ya njia ya mkojo, dawa inapita kwa bakteria wa tumboni vilevile. Watafiti wa Stanford waliwafuatilia watu watatu wenye afya waliopewa dozi ya siku tano ya dawa hiyo. Ndani ya wiki nne wengi wa bakteria walikuwa wamerejea, ila aina kadhaa hazikuonekana tena hata baada ya miezi sita. Sasa fikiria mtaa wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura ambako mtu akiharisha mara mbili anatuma mtoto dukani akalete vidonge viwili vya metronidazole, na akijisikia nafuu jioni anaacha. Kuharisha kwingi husababishwa na virusi, ambavyo dawa hiyo haivigusi kabisa. Anachokipata ni bakteria wema waliouawa bure na wabaya waliozoea dawa.

Jinsi jambo hilo linavyoweza kufika pabaya inaonekana kwa bakteria anayeitwa Clostridioides difficile. Kwa watu wengi yupo kimya au hayupo. Antibayotiki zikifagia majirani zake, hushamiri na kutoa sumu zinazoleta kuhara kukali, hasa kwa wazee waliolazwa. Tiba iliyoleta mapinduzi inawachefua watu wakiisikia mara ya kwanza: kinyesi cha mtu mwenye afya, kilichopimwa na kusafishwa, huingizwa katika utumbo wa mgonjwa. Uholanzi ililijaribu jambo hili kisayansi na kutoa matokeo mwaka 2013. Katika wagonjwa 16, 13 walipona kwa mara ya kwanza tu, na wengine wawili kwa mara ya pili. Waliotibiwa kwa antibayotiki iliyozoeleka walipona wanne kati ya 13. Jaribio lilikatishwa mapema kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Marekani imeidhinisha dawa za aina hiyo tangu 2022. Si jambo la kujaribu nyumbani: mwaka 2019 mamlaka za dawa za Marekani zilitangaza kifo cha mgonjwa aliyepandikizwa kinyesi chenye bakteria sugu.

Bakteria wengine tiba yao ni kuondolewa tu. Madaktari wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, ndio walioonyesha kuwa vidonda vingi vya tumbo huletwa na Helicobacter pylori, si pilipili wala mawazo. Walipodharauliwa, Marshall alikunywa bakteria hao mwenyewe mwaka 1984, akaugua. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Mgonjwa aliyepimwa akakutwa na bakteria huyu hupewa antibayotiki mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, na dozi hiyo lazima imalizike.

Kwa bahati mbaya, elimu hii changa imezaa biashara kubwa kuliko ushahidi. Mitandaoni unauzwa unga wa kusafisha tumbo, chai za kutoa sumu, na vidonge vya bakteria vinavyodaiwa kutibu kila kitu kuanzia kisukari hadi ugumba. Ni kweli watafiti wanachunguza uhusiano wa bakteria na unene, kisukari, mfadhaiko na maradhi mengine mengi. Lakini uhusiano si chanzo, na tofauti iliyoonekana kwa panya si tiba ya binadamu. Utumbo wenye afya hauhitaji kusafishwa. Dawa ya kuendesha ikitumiwa mara kwa mara huuchosha na kuwafukuza wale wanaopaswa kubaki.

Kilicho na ushahidi kinauzwa sokoni kwa bei ya kawaida. Dona lina nyuzinyuzi ambazo sembe limezipoteza kinuni. Maharage, kunde, mbaazi na choroko ni chakula bora mno kwa bakteria. Gesi wanayolalamikiwa ni dalili kwamba kazi inafanyika, nayo hupungua mtu akizoea kidogokidogo na akiloweka maharage usiku na kumwaga maji yake. Ndizi mbichi za kupika zina wanga sugu unaofika utumbo mpana bila kumeng'enywa. Viazi na ugali vikipoa baada ya kupikwa huongeza wanga huo, mradi kiporo kihifadhiwe penye baridi.

Na kuna vyakula vilivyochachushwa. Mwaka 2021 watafiti wa Stanford waliripoti kuwa watu waliokula kwa wingi vyakula vya namna hiyo kwa wiki kumi waliongeza aina za bakteria tumboni na kupunguza viashiria vya mchochota. Tanzania ilikuwa imetangulia kwa njia yake. Mwaka 1994 Wilbald Lorri na mwenzake Ulf Svanberg waliripoti kuwa watoto wadogo waliolishwa uji uliochachushwa waliharisha mara chache kuliko wenzao. Togwa, mtindi, maziwa lala na mursik ya Wakalenjin vilikuwa vinafanya kazi hiyo bila tangazo. Mbege ya Kilimanjaro imo pia katika ukoo huu, ingawa ina kilevi, na aliyekatazwa pombe kwa dini, umri, mimba au ugonjwa hana hasara yoyote akichagua togwa.

Saratani ya utumbo mpana ambayo Burkitt aliiona kwa nadra Kampala sasa inaongezeka katika miji ya Afrika Mashariki, na wagonjwa wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa kwa sababu ya aibu au kwa kudhani ni bawasiri. Mtu akiona damu kwenye choo, akifunga choo au kuharisha kwa wiki kadhaa bila sababu, au akipungua uzito asijue kwa nini, asinunue dawa ya kusafisha tumbo. Aende akapimwe, na amweleze daktari kila kitu bila kuona haya.